Bi Harusi Aliyefichwa: Kutoka Voi hadi Ziwa Chala

Mwaka 1777 msomi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akipekua hati za kale mjini Moscow aliibuka na kitabu cha mkono chenye utenzi ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa wameshaukatia tamaa. Husimuliwa kwamba kitabu hicho kilikutwa zizini, kuku na nguruwe wakikikanyaga. Habari ya zizi siimezi nzima nzima. Ni tamu mno, na hadithi tamu huwa na mpishi. Hati yenyewe haina ubishi. Iko Leiden, Uholanzi, iliandikwa karne ya 15, na ndiyo nakala pekee inayoubeba karibu wote Utenzi wa Demeter, uliotungwa yapata karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Msichana Persephone anachuma maua malishoni. Ardhi inapasuka. Hades, mfalme wa kuzimu, anachomoza na gari la dhahabu la kukokotwa na farasi, anamnyakua huku msichana akipiga mayowe. Sasa, kisa kilichoanza kwa mayowe kimegeukaje kuwa hadithi ya mapenzi ambayo vijana huisoma kwenye simu hadi saa nane za usiku?

Swali hilo nililiokota Voi, karibu na kituo cha matatu za Taveta, kwa msichana anayehudumu kwenye kibanda cha M-Pesa. Alikuwa akisoma huku akingoja wateja. Nikamuuliza anasoma nini. "Ya Hades na Persephone, anko. Humu Hades hateki mtu. Anampenda, halafu anangoja aamue mwenyewe." Kumbe naye anaandika yake, sura moja moja, akiwatumia marafiki. Bi harusi wake anachuma maua juu ya kilima cha Mbololo, lile ua dogo la zambarau ambalo porini halioti kwingine duniani, na kuzimu kwake hakuko Ugiriki. Kuko chini ya Ziwa Chala, karibu na Taveta. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100, nikamwambia, huyo Hades ana mwendo. Hakucheka. "Si kila mtu anajua kule Chala chini kuna mji?" Huyo kila mtu ni nani, na alijulia wapi?

Nilianza na vitabu vya kisasa kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu. Mwaka 2005 ilitoka riwaya ya kwanza ya Percy Jackson, mvulana wa Marekani aliyezaliwa na mungu wa bahari wa Kigiriki, na mlango ukafunguka. Mwaka 2011 zilitoka riwaya mbili za vijana, Abandon na The Goddess Test, kila moja ikikifufua kisa cha Persephone katika mazingira ya shule ya sekondari ya Marekani. Mwaka 2018 ikaanza Lore Olympus, hadithi ya michoro ya mtandaoni ya msanii wa New Zealand. Iliendelea hadi 2024, na mwaka 2022 ilitwaa tuzo ya Eisner. Ubora wake haulingani, na nyingine nilizisoma kwa kujilazimisha. Mwelekeo ni mmoja lakini: bwana wa kuzimu anapunguziwa ukali, msichana anaongezewa usemi. Je, waandishi hawa wanaghushi, au utenzi wa kale wenyewe una ufa waliopitia?

Ufa upo. Zeus, baba wa msichana, ameshaikubali ndoa kwa siri, na mama, Demeter mwenye nafaka, hakuambiwa. Mayowe anayasikia mungu Hecate akiwa pangoni, na Jua linaona lakini halisemi mpaka liulizwe. Demeter anazunguka siku 9 na mienge mkononi, hali wala haogi. Halafu anagoma, nafaka zinakataa kuota, miungu inakosa sadaka, na Zeus analazimika kumtuma mjumbe wake Hermes akamrudishe binti. Hapo ndipo linapoingia komamanga, maana aliyekula cha kuzimu hana budi kurudi kuzimu. Msimulizi anasema Hades alimpa Persephone punje kwa kificho. Persephone akifika kwa mamake anasema alilazimishwa. Punje ile ile, utenzi ule ule, maelezo mawili. Aliilaje basi: kwa hila, kwa nguvu, au kwa namna ambayo binti hawezi kumwambia mamake?

Mahali pa tukio napo hapashikiki. Utenzi unataja uwanda wa Nysa, ambao hakuna aliyewahi kuuonyesha kwenye ramani akakubaliwa na wote. Washairi wa Kirumi waliokuja baadaye walikihamishia kisa Sicily, kando ya ziwa karibu na Enna. Watu wa Eleusis, kule Ugiriki, walikuwa na pango lao. Kila penye shimo refu au maji ya kina, wenyeji walijitokeza kudai kwamba ni kwao. Kwa hiyo msichana wa Voi hajafanya jipya kumhamishia Hades kwenye ziwa la nyumbani. Amefuata desturi ya zaidi ya miaka 2,000. Lakini watu wa Sicily waliliweka jina la kigeni juu ya kitu chao cha zamani. Huku kwetu, je, kulikuwa na kitu cha kuwekewa?

Nilijaribu kwanza njia ya bahari. Wagiriki waliijua pwani hii. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaoshuka kituo kwa kituo hadi soko la Rhapta, ukieleza kipi kinauzwa na kipi kinanunuliwa: pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Katikati ya bidhaa hizo inapita habari moja ya ndoa. Unasema kwamba manahodha na mawakala Waarabu waliokuja huku waliwafahamu wenyeji, wakaoana nao, na wakaielewa lugha yao. Basi. Ukurasa unarudi kwenye mizigo. Wanawake wa pwani walioolewa na wageni hao hawana majina wala kauli. Kama kisa cha Kigiriki kilishuka melini pamoja na bidhaa za kioo na mikuki ya chuma, kilipandaje mpaka vilima vya Taita?

Wapo wenye jibu tayari. Watakutajia Diogenes, mfanyabiashara wa Kigiriki ambaye, kwa toleo linalozunguka sana, alishuka Rhapta akatembea siku 25 bara hadi akaiona milima yenye theluji. Ukilifuata toleo hilo unamwona akipita kwenye vumbi la Maktau, njia ya Taveta. Nikaenda kwenye chanzo, Ptolemy wa Alexandria, wa karne ya 2. Kule Diogenes hatembei. Zile siku 25 ni za baharini: upepo wa kaskazini ulimsukuma kandokando ya pwani kuelekea kusini. Mtu wa majini amepewa miguu na wasimulizi wa baadaye, na wengine wameishia kumpandisha Kilimanjaro. Njia ya bahari ikanifia hapo, na Mgiriki wangu pamoja nayo. Kama si Mgiriki, ni nani wa kwanza kuiandika njia hii ya Taita?

Rekodi za kuaminika zinaanza na Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai. Mwaka 1847 alifika kilima cha Kasigau. Mwaka uliofuata alipita Taita na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Habari zilipochapishwa, mtaalamu mmoja wa jiografia wa London alizipinga miaka na miaka bila kukanyaga huku: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Namkumbuka mtaalamu huyo kila ninapotaka kucheka habari za mji chini ya ziwa. Mwenye shaka naye hukosea, tena huku ameketi kitini. Hata hivyo Rebmann alikuja kwa ajili ya Injili na njia ya kwenda bara, si kwa visa vya bi harusi. Nani aliyeuliza watu wa vilima hivi huoana vipi?

Nililipata jibu, au nusu yake, katika maandishi ya wasafiri wa miaka ya 1880, enzi za misafara ya Kilimanjaro na Umasaini. Linaelezwa hivi. Mwanamume akishapatana na baba wa msichana idadi ya ng'ombe, msichana anatoroka. Anakwenda kujificha kwa jamaa wa mbali. Bwana harusi anamsaka. Akimpata, yeye na rafiki zake wanambeba juu juu hadi nyumbani kwa mume, kwa nyimbo na ngoma. Nilipoisoma mara ya kwanza nywele zilinisimama. Baba aliyekubali bila kelele, binti anayenyakuliwa, wabebaji badala ya farasi: Persephone huyo hapo, katikati ya Taita, bila Mgiriki hata mmoja. Lakini katika utenzi msichana hajui lolote mpaka ardhi ipasuke. Huku Taita anajua, na anatangulia kukimbia. Je, huo ni utekaji au ni mchezo wenye kanuni?

Nilikaa na aya ile siku kadhaa, na kadiri nilivyokaa nayo ndivyo ilivyozidi kulegea. Misafara ya wakati ule ilipiga kambi penye maji chini ya vilima, ikanunua chakula, ikaondoka. Mazungumzo yalipita kwa wakalimani. Na "Mtaita" wa vitabuni ni wa kilima kipi: Dawida, Saghalla au Kasigau? Watu wa vilima hivyo vitatu hata salamu hawafanani. Kuna pia jambo la pili linalonitia wasiwasi zaidi. Tangu mwaka 1865 wasomi wa Ulaya walikuwa na nadharia kwamba mwanzo wa ndoa zote za binadamu ni kuteka wanawake wa kabila jingine, na walizikusanya habari za namna hii kutoka kila pembe ya dunia. Aya kuhusu Taita ikaingia kwenye vitabu vyao, ikanukuliwa, ikanukuliwa tena. Msafiri aliandika alichokiona, au alichojua kwamba kitasomwa kwa hamu?

Nikapanda Wundanyi. Barabara inaacha mkonge wa Mwatate chini, inajikunja kona baada ya kona, na ghafla hewa inakuwa baridi na mashamba yanasimama kama ngazi. Kwa kuelekezwa na watu nilifika kwa nyanya mmoja aliyekuwa ameketi barazani na ungo wa maharagwe, akipukuchua. Shikamoo, nyanya. Marahaba, mwanangu. Nikaeleza safari yangu, nikaeleza aya ya kitabu: ng'ombe, kukimbia, kusakwa, kubebwa. Akanisikiliza hadi mwisho. Vidole havikusimama; ganda linapasuliwa kwa ukucha wa gumba, mbegu zinaangukia upande mmoja, ganda upande mwingine. "Waliobebwa wamekufa," akasema. "Na waliobeba wamekufa. Wewe ndio umekuja leo?" Nikakubali kwamba nimechelewa. Akachambua kidogo, kisha akauliza, "Kitabu chako kimesema alijificha kwa nani?" Kwa jamaa wa mbali, nikajibu. "Basi si ungewauliza hao?"

Sikuwa na wa kumuuliza, nikarudi kwenye karatasi. Waliokaa muda mrefu ndio huandika vizuri, au angalau hupata nafasi ya kujisahihisha. Wamisionari wa Kiingereza walifika Saghalla mwaka 1883; kitabu kidogo cha kujifunzia lugha ya huko kilichapwa London mwaka 1894. Mapadri Wakatoliki walianza Bura mwaka 1892. Lakini aliyewaandika wanawake wa Taita kwa makini ni mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Grace Harris, aliyeishi vilimani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1957 alichapisha makala kuhusu saka, hali iliyowashika wanawake wengi walioolewa. Mwanamke akisikia kiberiti kikiwashwa, au mlio wa gari, angeweza kushikwa na mtetemeko na kupotewa na fahamu. Tiba ilikuwa ngoma, au kupewa kile ambacho mwili wake ulikitamani, na mumewe ndiye aliyetakiwa kukitafuta. Katika rundo zima la maandishi niliyoyapekua, hapo ndipo nilipokutana na mke anayedai kitu na akapewa. Ilibidi apoteze fahamu kwanza ndipo asikike?

Wasomi wamebishana sana kuhusu maana ya saka, na sina haja ya kuingia ugomvi huo. Nilikuwa namtafuta Hades. Kama kuna bi harusi wa kuzimu, lazima kuwe na kuzimu, na Wataita wa zamani walikuwa na namna yao ya kuishi na wafu. Mzee alizikwa, baada ya muda, mwaka au zaidi, kaburi lilifunguliwa na fuvu likapelekwa kwenye pango la mwamba la ukoo wake. Baadhi ya mapango hayo bado yapo karibu na Wundanyi. Nililoonyeshwa halina kina hata kidogo. Ni mwamba ulioinama tu, na chini yake mafuvu yamepangwa mstari, makavu, mengi hayana taya la chini, na jani moja bichi lililodondoka limetua juu ya paji la uso la mmoja wao. Hatua chache mbele kuna mahindi ya mtu. Wazee hao waliombwa mvua, waliombwa afya, na wakikasirika ilibidi watulizwe. Ni majirani, si ufalme wa gizani. Kama wafu wa Taita wanakaa hapa juu karibu na mashamba, nani aliyeipeleka kuzimu kule Chala?

Njia ya kwenda Taveta inashuka Mwatate, inapita Bura na Maktau, inaikata mbuga ya Tsavo Magharibi na kukiacha kando kilima cha Salaita, palipopiganwa Vita vya Kwanza vya Dunia, Februari 1916. Kabla ya Taveta, juu ya kilima cha Girigan, kuna jumba la Grogan. Hapo utauziwa hadithi nyingine ya mapenzi: Grogan, kijana wa Kiingereza aliyevuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, 1898 hadi 1900, ili kuwaridhisha jamaa za msichana aliyempenda. Safari ilikuwapo, kitabu chake kilitoka mwaka 1900, na ndoa ikafungwa. Lakini jumba ni la miaka ya 1930, na wanaoliita zawadi ya mapenzi wanairuka miaka 30 kwa pumzi moja. Sikukaa sana. Hiki ni kisa cha jamii nyingine, cha mwanamume wa kupewa mitihani, na Wagiriki wanavyo chungu nzima vya namna hiyo. Kinachonisumbua ni upande wa pili: miaka yote ambayo shujaa anatembea, anayengoja huwa anafanya nini?

Kutoka Taveta hadi Chala ni safari fupi ya bodaboda kuelekea kaskazini, migomba ikikusindikiza na kisha kukuacha kwenye nyika. Ziwa hulioni mpaka umefika ukingoni. Ghafla ardhi inakatika, na karibu mita 100 chini yako kuna maji ya buluu yanayogeuka kijani wingu likipita. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati. Hakuna mto unaoingia, hakuna unaotoka. Maji yanakuja chini kwa chini kutoka miteremko ya Kilimanjaro na kuondoka chini kwa chini. Kina chake ni kama mita 90. Kijana aliyenipeleka alinionya habari za mamba, kisha bila kuulizwa akanipa kisa: palikuwa na kijiji, kikamezwa, na usiku ukitulia utasikia ng'ombe na majogoo. Nikamuuliza alikitoa wapi. "Kwa babu." Kisa hicho hicho, cha kijiji cha Wamasai kilichodidimia na mifugo inayolia chini ya maji, kiliandikwa na wasafiri wa karne ya 19; mmoja wa wasafiri wa enzi hiyo, Charles New, alilifikia ziwa hili mwaka 1871. Kwa hiyo yule "kila mtu" wa Voi ana umri wa zaidi ya karne. Je, umri unaifanya habari kuwa kweli?

Chala ina shahidi asiyeweza kushawishiwa. Mwaka 2016 wanasayansi walielea juu ya ziwa na mtambo wa kuchoronga, wakavuta nguzo ya tope kutoka sakafuni, tabaka juu ya tabaka, yenye urefu unaozidi mita 200. Tope hilo linarudi nyuma takriban miaka 250,000. Ni tope la ziwa, lililotulia chini ya maji, muda wote huo. Wamasai hawakuwapo. Taveta haikuwapo. Hapakuwa na ng'ombe wa kufugwa popote Afrika. Kijiji cha kuzama hakikupata hata mwanya wa kujengwa. Habari ya babu, kama tukio, imekufa, na nakiri kwamba sikufurahi kuizika. Lakini watu hawatungi bure kishindo cha ng'ombe chini ya maji. Kama hawakusimulia jambo lililotokea hapa, walikuwa wakikumbuka janga la wapi?

Na tope lile lina jambo jingine, ambalo lingempendeza Demeter. Ukilitazama kwa karibu lina mistari, mweupe na mweusi, mweupe na mweusi, kama daftari. Mstari mweupe ni wa miezi ya ukavu na upepo, Juni hadi Septemba, maji yanapokorogeka na vijimea vyenye magamba ya kioo kustawi. Mweusi ni wa majira ya mvua. Jozi moja, mwaka mmoja. Persephone wa utenzi hukaa theluthi ya mwaka kuzimu na theluthi mbili juu, na ndiyo maana, wanasema, ardhi hulala kisha ikaamka. Mara moja kwa mwaka. Taita Taveta ina masika na ina vuli. Mgiriki angeihamishia hesabu yake hapa, bi harusi ingebidi ashuke mara mbili kila mwaka na kupanda mara mbili, na mama mtu kugoma na kugomboka kila baada ya miezi michache. Sasa ni nani huyo atakayeiandika upya kalenda ya kuzimu, kama si mtu wa Voi?

Nilimtumia msichana wa Voi picha za ziwa na habari za tope. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi: "Mara mbili ni poa anko. Ya kwanza anatekwa, ya pili anaenda mwenyewe." Nilicheka peke yangu ukingoni, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa ametatua kwa sentensi mbili jambo lililowashinda waliotangulia kwa mamia ya kurasa. Kutekwa hakugeuki kuwa mapenzi. Kunabaki kutekwa, na uamuzi unapewa siku yake. Yeye amekulia chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 45 kinasimamisha ndoa juu ya ridhaa ya hiari ya wanaooana. Kwake hilo si somo la uraia, ni kanuni ya utunzi: msomaji hatamkubali Hades asiyengoja. Napata shida moja tu na wanaomwita mpotoshaji. Wanasema anaiharibu hadithi ya asili. Asili ipi, ya msimulizi aliyesema kificho, au ya msichana aliyesema nguvu?

Kwangu, ushahidi umefika hapa. Mji wa Chala haukuwapo. Diogenes hakutembea. Kisa cha Persephone hakikuletwa Taita na Mgiriki yeyote ninayeweza kumfuata kwenye maandishi. Kimekuja kwa simu, juzi, na kimekuta ziwa linalomfaa. Kinachobaki ni ile aya ya miaka ya 1880, na sijaweza kuitupa wala kuiamini. Nimeisoma tena baada ya Wundanyi, safari hii nikimwacha bwana harusi, wabebaji na ngoma zao, nikitazama pale aliponielekeza yule nyanya. Msichana alipokimbia, kuna nyumba iliyomfungulia mlango. Kuna mwanamke fulani aliyemwonyesha pa kulala, akampa chakula, akanyamaza wasakaji walipopita uani. Ng'ombe walikuwa wameshahesabiwa na kila mtu anajua. Watu wa nyumba ile walikuwa wakishika zamu yao katika mchezo, au walikuwa wakimficha kwelikweli?